Unaomba masta nje? Funga laptopu kwanza, rekodi voisi

Juzi usiku mvua inapiga bati huku Sinza, umeme umekata tangu magharibi, binti wa shangazi yangu ananirushia wasap faili la stetimenti yake, ile insha ya kujieleza ya kuombea masta nje, anasema kaka naomba unipitishie fasta dedlaini ni Ijumaa. Nikafungua na chaji asilimia 11. Sentensi ya kwanza, maji ni uhai. Ya pili, tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya maji. Nikajisemea hiyo si shauku mdogo wangu, hiyo ni kiu.

Simcheki lakini. Mimi mwaka wa kwanza kuomba nilipeleka vyuo vinne, kote nikapigwa chini, na insha yangu ilianza na ile nukuu ya Mandela kuhusu elimu ambayo hata konda wa daladala anaijua, ikaendelea na umaskini wa familia, ikaishia na ahadi ya kulijenga taifa. Mtu wa kamati akimaliza kusoma pale anajua nini kuhusu mimi? Kwamba nimewahi kumsikia Mandela basi. Mle ndani hamkuwa na hata siku moja ya maisha yangu, afu mezani kwake kuna mafaili mengine kibao yana Mandela huyo huyo.

Asubuhi nikampigia nikamwambia funga laptopu, chukua simu, nirekodie voisi ya dakika tano kwa Kiswahili kama vile unamuelezea mama, kwa nini unataka kwenda kusomea mambo ya mafuriko na sio uhasibu. Akacheka ila akarekodi, na ameniruhusu niwasimulie. Anasema walikuwa wanakaa kwa bibi bondeni Jangwani, mvua kubwa ikianza usiku bibi anawaamsha wapandishe magodoro juu ya kabati, maji yakishashuka yeye na kaka yake wanaenda ukutani na rula ya shule kupima alama ya tope, wanaandika tarehe pembeni kwa mkaa. Desemba 2011 rula haikutosha, alama ilikuwa juu ya dirisha. Majirani wengine wakahamishiwa Mabwepande, bibi akagoma. Sasa hivi yeye ni fundi sanifu kwenye kampuni ya kujenga mitaro, siku moja wanasafisha kalavati akaona mchanga umejaa umebaki upenyo wa kupita paka, mchoro anao mkononi, na kwenye mchoro hakuna mchanga, kuna maji tu. Akauliza, aliyepiga hesabu hii alihesabu maji, mchanga alimwachia nani? Hakuna aliyemjibu. Ndo anataka kwenda kusoma mto unavyobeba mchanga na unavyoutua.

Oya hiyo ndo insha yenyewe. Alikuwa nayo mdomoni muda wote ila kila akikaa mbele ya kompyuta inaingia ile sauti ya risala ya mgeni rasmi.

Kwa hiyo fanya hivi, rekodi, isikilize, andika vile vile ulivyosema kwa Kiswahili bila kupamba, alafu ukate, ndo uhamishie kwenye Kiingereza. Kiingereza chako cha kawaida kinatosha, sentensi fupi, neno ambalo usingeweza kulitamka kwenye intavyuu bila kujing'ata usiliweke. Ukimpa ChatGPT akuandikie atakupa shauku ya maji tena, tena kwa herufi nzuri, na vyuo vingi sasa hivi vina sera zao kuhusu hilo kwa hiyo soma sera ya chuo chako kabla hata ya kumpa akurekebishie sarufi.

Kisa kama cha rula kisizidi robo ya insha. Hapa watu wengi wanakosea upande wa pili, wakishaambiwa waandike maisha yao wanaandika maisha tu mpaka mwisho. Sehemu kubwa iwe kazi na masomo, ulifanya projekti gani mwaka wa nne, ulipata nini, nini kilikushinda (kilichokushinda kina thamani kuliko unavyofikiri, ndo sababu ya kwenda kusoma), afu kwa nini pale na sio kwingine. Taja somo kwa jina lake, taja maabara, taja kitu alichoandika mhadhiri wa pale ambacho umekisoma kweli maana wanaweza kukuuliza. Kipimo changu ni rahisi, futa jina la chuo weka la kingine, kama sentensi bado inakubali basi hiyo sentensi ni ya bure. Mimi nilishawahi kutuma insha kwa chuo cha pili ikiwa na jina la chuo cha kwanza katikati ya aya, nikagundua baada ya kubonyeza tuma, sikujibiwa na wala sikushangaa.

Na usiuze shida. Kama shida imo kwenye kisa itaonekana yenyewe, bibi wa Jangwani hajaambiwa popote kwamba ni maskini lakini umeshamuona.

Haya, makaratasi, na hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wa Dar tunapofia. Majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanahamisi, cha fomu foo kimeandikwa Mwanahamis, cha chuo kina majina mawili, pasi ya kusafiria ina matatu, na NIDA wamebadili mpangilio. Wewe unajua ni mtu mmoja, mtu wa udahili aliye London hajui, anaona watu watano. Leo leo chukua vyeti vyote vitandaze kitandani soma herufi kwa herufi. Cheti cha NECTA usitegemee kukibadilisha kirahisi, kwa hiyo mara nyingi chenyewe ndo kinakuwa mzizi, vingine ndo vinavyosogezwa kukifuata. Tofauti ndogo ya herufi watu wengi wanamalizia kwa kiapo kwa wakili, ukibadilisha jina kabisa ndo unaingia kwenye deed poll, yaani hati ya kisheria ya kubadili jina, inayosajiliwa, na cheti cha kuzaliwa ni RITA. Vyote hivyo vina foleni zake, ukianza wiki ya dedlaini umekwisha. Pasi ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na bila NIDA hutoboi, kwa hiyo NIDA iende ya kwanza.

Transkripti usiskani kwa simu ukiwa umeiweka kitandani na shuka la maua linaonekana. Nimeona. Nenda steshenari wakuskanie iwe PDF moja, kurasa zote, na ile ya nyuma yenye maelezo ya gredi. Hiyo ya nyuma ni muhimu kwa sababu GPA zetu ni kati ya 5, fasti klasi inaanzia 4.4, apa sekondi ni 3.5 mpaka 4.3, wakati Marekani wamezoea kati ya 4. Ukiandika 3.8 ukanyamaza, msomaji atadhani karibu umefikia kileleni, afu akifungua transkripti akakuta ni kati ya 5 unaonekana tapeli na hukuwa na nia hiyo. Andika 3.8 kati ya 5.0 kila mahali, usijibadilishie mwenyewe kwa fomula za mtandaoni labda fomu yenyewe ikuagize.

Kiingereza, kuna vyuo vinakubali barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, vingine wanataka mtihani wa IELTS tu. Soma ukurasa wa kozi yenyewe kabla hujalipia mtihani, na kumbuka matokeo ya IELTS yanahesabiwa miaka miwili tu kwa hiyo usifanye mapema kwa kiherehere.

Barua za wahadhiri. Mwalimu aliyefundisha darasa la watu mia tatu pale ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar, hawezi kukukumbuka kwa jina, hata ungekuwa unakaa mbele. Nenda ofisini, salimia vizuri, shikamoo Dokta, na umpelekee karatasi moja, ukurasa mmoja tu: somo alilokufundisha, mwaka, gredi uliyopata, kichwa cha projekti, kitu kimoja mlichowahi kubishana au alichokusifia, kozi unayoomba, na tarehe ya mwisho umeikoleza. Mpe wiki sita. Wengi watakwambia andika mwenyewe ulete nisaini. Najua ndo ilivyo na Dokta amechoka ana mitihani ya kusahihisha, ila barua uliyojiandikia inanuka, ina maneno yale yale ya insha yako na msomaji anazisoma zikiwa zimefuatana. Mwambie kwa adabu, Dokta nimekuletea pointi, naomba maneno yawe yako. Akikataa kabisa mtafute mwingine, hata kama yule ni profesa na huyu ni mhadhiri msaidizi aliyekusimamia maabara. Aliyekuona ukifanya kazi ana cha kusema. Na barua pepe utakayojaza kwenye fomu iwe ya ofisini, ile ya ac.tz, mifumo mingine haipendi ya Gmail.

Skolashipu nayo ina masharti yake usiyapuuze. Chevening ya Uingereza wanataka masaa 2,800 ya kazi, unachagua kozi tatu, unarudi nyumbani angalau miaka miwili ukimaliza, na kawaida dirisha linafunguliwa Agosti linafungwa mapema Oktoba au Novemba. Masaa yanajumlishwa, hata ya kujitolea, kwa hiyo kaa na kalenda upige hesabu usikate tamaa kabla. DAAD ya Ujerumani, upande wa kozi za maendeleo, wanataka uzoefu wa miaka miwili na shahada yako ya mwisho kwa kawaida isizidi miaka sita tangu uipate, watu wanachelewa hapo wanasema ngoja nijipange, miaka inapita. Kwa PhD za Marekani hasa za sayansi, nyingi zinakuja na posho yake, na dedlaini nyingi zinaangukia Desemba. Ada ya maombi ikikushinda andika barua pepe uombe msamaha wa ada, wengine wanatoa na kuomba hakushushi hadhi. Upande wa Marekani pia kuna EducationUSA pale ubalozini Msasani, ushauri ni bure, kwa hiyo mtu akikwambia pale Kariakoo mpe laki tano akutafutie skolashipu, muage vizuri.

Wadogo zangu wa fomu siksi, mengi hapa ni yenu pia, ila vipimo vyenu ni tofauti. Insha kuu ya Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, mwisho maneno 650, insha ya UCAS, mfumo wa kuombea digrii ya kwanza Uingereza, kuanzia wanaoingia 2026 imegawanywa maswali matatu na jumla ni herufi 4,000 pamoja na nafasi. Na kabla hujaliuza shamba la baba kulipia chuo cha nje ulichokiona Instagramu, ulizia TCU, tume ya vyuo vikuu, kama wanakitambua.

Kuhusu saa, sikilizeni kilichonikuta. Mwaka wa pili kuomba nikaitwa intavyuu ya mtandaoni na chuo kimoja Uingereza, mwanzoni mwa Aprili, saa nne asubuhi ya kwao. Mimi nimeshazoea tunawazidi masaa matatu, nikapiga hesabu saa saba mchana, nikavaa shati na tai juu, bukta chini, saa saba kasoro kumi nimekaa nasubiri. Kimya. Wenzetu Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele, wanabaki nyuma yetu masaa mawili, intavyuu ilikuwa saa sita na ilishaisha. Nikaandika kuomba radhi, wakanipangia nyingine, sio wote wana huruma hiyo. Kwa hiyo kila tarehe ibadilishe iwe saa ya Dar uiandike ukutani: dedlaini ya saa sita usiku GMT ni saa tisa usiku kwetu, ya saa sita kasoro dakika moja usiku New York wakati wa Desemba ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi yetu ya kesho yake. Afu jifanye hujaiona, tuma siku tatu kabla, maana umeme ni huu na bando ni hili.

Ukishatuma pakua nakala ya fomu yote kama ilivyo, itume kwenye barua pepe yako, na kila siku pitia folda ya takataka maana mwaliko unaweza kulala huko wiki mbili.

Binti wa shangazi katuma Jumatano saa nane mchana, insha inaanza na rula. Barua moja imeshapandishwa, ya pili bado, Dokta yuko fildi Rufiji simu haipatikani na mfumo wa barua unafungwa Jumatatu. Nimemwambia kesho adamkie Mlimani akae kwenye benchi nje ya ofisi yake, aulize kwa katibu muhtasi anarudi lini, na abebe ile karatasi ya pointi, hakuwa amempa.