Kubuni programu ya boti za Lamu bila mteja: kiolesura na nembo

Mradi unaojianzishia mwenyewe una hatari moja kubwa: hakuna wa kukukatalia. Mteja angelalamika kwamba maandishi hayasomeki juani au kwamba nembo inafanana na ya jirani. Usipokuwa naye, itabidi vikwazo uvitafute mwenyewe kabla ya kufungua Figma au Penpot, zana za kuchorea skrini. Mfano wetu ni programu ya simu ya kutafuta boti ya abiria kutoka mji wa Lamu kwenda Mokowe, Shela, uwanja wa ndege wa Manda na kisiwa cha Pate.

Anzia jetini. Kaa asubuhi mbili, moja siku ya kazi na nyingine Ijumaa, ukiwa na daftari. Andika watu wanauliza nini na kwa maneno gani, boti inasubiri ijae au ina saa yake, nauli analipwa nani na lini. Usipige picha za watu bila ruhusa.

Kisha uliza habari za maji, maana hapo ndipo penye uzito wa mradi huu. Boti za Pate zinazopita mlango-bahari wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, hutegemea maji yajae. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Ukichora ratiba isiyobadilika, umechora uongo. Skrini ya safari ya Pate lazima ianze na hali ya maji, kisha saa.

Na saa yenyewe ni mtego. Simu inaandika 13:00, abiria anasema saa saba mchana. Ukiandika "Saa 2:00" peke yake, mmoja ataelewa asubuhi baada ya kuchomoza jua, mwingine alasiri, na boti itamwacha mmojawapo. Andika "Saa 2 asubuhi" kwa maandishi makubwa, na chini yake 08:00 kwa maandishi madogo. Neno la wakati (asubuhi, mchana, jioni, usiku) lisiondolewe hata nafasi ikibana.

Sasa andika maelezo ya kazi, ukurasa mmoja tu: nani anatumia, anataka nini, skrini ngapi. Saba zinatosha. Kuchagua safari, orodha ya boti, maelezo ya boti, malipo ya M-Pesa, tiketi, hali ya maji, na skrini ya mtandao kukatika. Hii ya mwisho wengi huisahau. Tiketi ifunguke hata bila mtandao, maana simu ikigoma katikati ya mkondo abiria hana pa kuuliza.

Chora kwa penseli kwanza, kisha kwenye fremu ya upana wa dp 360 (dp ni kipimo cha skrini za Android kisichotegemea wingi wa pikseli). Pambizo ziwe 16 kila upande, na nafasi zote ziende kwa 8: 8, 16, 24, 32. Sehemu ya kugusa isipungue dp 48 kwa 48. Kwenye boti inayoyumba, kidole hakilengi vizuri. Usijaze maneno ya Kilatini ya kushikia nafasi. Kiswahili ni kirefu. "Thibitisha malipo" ni herufi 16 na nafasi moja. Ukiweka vitufe viwili ubavu kwa ubavu, kila kimoja kinabaki na kama dp 128 za maandishi, na kwa ukubwa wa 16 maneno hayo hubanwa na yanaweza kukatika. Panga vitufe juu na chini, kila kimoja kijaze upana.

Rangi zipimwe kwa kikokotoo cha utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na usuli, jicho lisiaminiwe. Maandishi ya kawaida yanahitaji angalau 4.5 kwa 1. Kijivu #999999 juu ya nyeupe, kinachopendwa sana, hakifiki hata 3. Samawati-kijani iliyokolea #0B4F5C chini ya maandishi meupe inatoa zaidi ya 9. Manjano #F2A900 juu ya nyeupe ni 2 tu, kwa hiyo ifanye usuli, na maandishi juu yake yawe ya #0B4F5C. Hapo unapita 4.5 kwa nafasi ndogo sana, usiyapunguze ukolezi. Halafu toka nje na simu saa sita mchana, uitazame juani.

Jina liweze kutamkwa kwa sauti penye injini. "Kivuko" ni neno zuri lakini ni la kila mtu. Tuseme umeunga "Pwajaa", kutoka kupwa na kujaa. Litafute kwanza madukani mwa programu.

Kwenye nembo, karibu kila mtu huchora tanga la jahazi. Tanga likiwa na kamba na foromali (mti unaoshika tanga), kwa pikseli 24 linageuka doa. Tazama badala yake jicho la duara linalopakwa kwenye gubeti, yaani sehemu ya mbele, ya majahazi ya Lamu: miduara miwili, mmoja ndani ya mwingine, husomeka hata kwa pikseli 16. Ikoni ya Android huchorwa kwenye dp 108, lakini kilicho muhimu kikae ndani ya duara la dp 66 katikati, la sivyo simu nyingine zitakikata. Hakikisha pia fonti ya jina haiachi pengo kwenye ng', maana "ng'ambo" utaiandika kila skrini.

Jaribu na watu watano, pamoja na nahodha mmoja. Wape kazi: "Tafuta boti ya kesho ya Mokowe." Nyamaza. Andika pale kidole kinaposita.

Ukionyesha kazi, andika wazi kwamba ni mradi binafsi, na usitumie nembo ya kaunti. Picha nane hadi kumi na mbili, mojawapo ikiwa skrini uliyoitupa na sababu yake. Nembo ihifadhiwe kwa SVG, faili inayokuzwa bila kuharibika, na ikoni ya duka kwa PNG ya pikseli 512 kwa 512.