Somo: Ifuate damu, kuanzia anemia hadi kichocho

Mwanafunzi wangu mmoja wa uuguzi alikesha akikariri majina ya magonjwa. Asubuhi kwenye mtihani akachanganya anemia (upungufu wa damu) na leukemia (saratani ya damu). Nikamwambia aanzie kwenye mzizi: haima, yaani damu kwa Kigiriki.

Hatua ya 1: Utafute mzizi. Mwanzoni mwa neno huwa hemo- au hemato-, kama hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) na hematolojia (elimu ya damu). Mwishoni h hudondoka, ikabaki -emia.

Hatua ya 2: Fasiri kilichobaki. An- ni "bila", kwa hiyo anemia ni kukosa damu. Wagiriki wametia chumvi, lakini na sisi pia: mjamzito akikutwa na hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita, utasikia kliniki, "Mama, huna damu!" Leukos ni "-eupe". Leukemia, jina alilolitoa daktari Mjerumani Rudolf Virchow mwaka 1847, ni damu nyeupe, kwa jinsi chembe nyeupe zinavyozidi. Hemofilia ndiyo inayonikera: philia ni upendo, na mtu ambaye damu yake haigandi upesi aipendee nini?

Hatua ya 3: Jipime kwa jina gumu. Schistosoma haematobium ni mnyoo wa kichocho, aliyegunduliwa na daktari Mjerumani Theodor Bilharz huko Cairo mwaka 1851. Schistos ni kilichopasuka, soma ni mwili (si kusoma kwetu), bios ni uhai. Mwili uliopasuka, unaoishi damuni! Na ndivyo ulivyo: dume ana mfereji mwilini, jike hulala humo, na wawili hao hukaa kwenye mishipa ya damu ya kibofu. Mtoto akikojoa damu, hiyo ni hematuria.

Hatua ya 4: Jihadhari na mitego. Anemometa hupima upepo. Asili yake ni anemos, upepo.

MASWALI

Mwalimu, bawasiri nayo imo?
Imo, kwa jina la hemoroidi: haima pamoja na rheo, kutiririka.

Mbona kitabu changu kinaandika haem-?
Hicho ni cha Uingereza. Wamarekani wameiondoa a. Maana ni ileile.

Shikamoo mwalimu. Na akademia je, si inaishia na -emia?
Marahaba, umenichekesha. Hiyo haina tone la damu. Imetoka kwa Akademos, shujaa wa hadithi za Athens. Mwanafalsafa Plato alifundishia kwenye bustani iliyoitwa kwa jina lake.