Ndege ya Ulaya imechelewa: sloti yake inakwenda wapi, na wewe ufanye nini

Mwongozo huu ni wa walio opareshini na huduma za ardhini kiwanja cha Abeid Amani Karume, wanaosubiri ndege kutoka Ulaya huku saa ya kuruka ikibadilika kwenye skrini kila mara. Tutachukua mfano wa ndege inayotoka Malpensa, Milan, kuja Unguja.

Usichanganye sloti mbili. Kuna sloti ya kiwanja, yaani ruhusa ya kutumia kiwanja kilichojaa kwa saa fulani msimu mzima. Malpensa ni kiwanja cha namna hiyo. Na kuna sloti ya kuruka, CTOT, ambayo Eurocontrol huko Brussels huikokotoa siku yenyewe kwa sababu sehemu fulani ya anga, au kiwanja fulani, hakimudu ndege zote zinazotaka kupita. Tunaizungumzia hii ya pili.

Hatua ya 1: Weka saa zote kwenye UTC

Kila ujumbe wa sloti ni wa UTC, saa ya pamoja ya dunia, iliyo masaa 3 nyuma yetu. Sisi tuna saa yetu ya Kiswahili, na kosa hapa linakupotezea masaa, si dakika. Saa za mchana, jumlisha 3: saa 4 asubuhi ni 0700. Saa za usiku, jumlisha 15: saa 4 na nusu usiku ni 1930. Ikizidi 24, toa 24. Angalia tarehe pia: kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 9 usiku, sisi kalenda imeshageuka lakini UTC bado iko jana.

Hatua ya 2: Soma EOBT na CTOT pamoja

EOBT ni saa ndege inatarajiwa kutoka maegeshoni. CTOT ni saa ya magurudumu kuiacha ardhi. Katikati yake kuna muda wa kutembea hadi barabara ya kurukia. Tuseme EOBT ni 1930, kutembea ni dakika 20. Bila msongamano ndege ingeruka 1950. Anga ya njiani imewekewa kikomo cha ndege 30 kwa saa, yaani nafasi moja kila dakika 2. Kompyuta inazipanga ndege kwa saa ambayo kila moja ingefika sehemu ile kwa mujibu wa mpango wake wa safari. Nani alipiga simu kwanza haina maana. Ya kwetu inapewa CTOT 2015.

Ujumbe wa kwanza wa sloti, SAM, hautoki mapema kuliko masaa 2 kabla ya EOBT. Ukishatoka, ndege ina ruhusa ya kuruka dakika 5 kabla ya CTOT mpaka dakika 10 baada yake: 2010 hadi 2025.

Hatua ya 3: Ndege ikichelewa, sema saa ya kweli

Hapa ndipo kazi ilipo. Ucheleweshaji ukizidi dakika 15 kwenye EOBT, kampuni inapaswa kutuma DLA, ujumbe wa kuchelewa, yenye EOBT mpya. Kinachofuata kinategemea hesabu moja tu: EOBT mpya jumlisha muda wa kutembea, je, inapita CTOT?

Abiria mmoja hakutokea, begi lake linatafutwa tumboni mwa ndege, na ndege itakuwa tayari 1950. Ongeza 20: 2010. Haijaipita 2015, kwa hiyo sloti inabaki. Begi likichelewa kupatikana na utayari ukawa 2010, unapata 2030. Sloti ya zamani imekufa. Unakuja ujumbe wa SRM wenye CTOT mpya, na hiyo si lazima iwe 2030. Ni nafasi ya kwanza iliyo wazi kuanzia hapo, na jioni yenye msongamano inaweza kuwa mbali.

Nafasi iliyoachwa hailali. Mfumo unaipa ndege nyengine inayoweza kuiwahi na ambayo ingenufaika kusogezwa mbele. Ndiyo maana anayekaa kimya na sloti asiyoiweza anamuumiza mwenzake bila yeye kupata kitu, na kisha anakwenda kuomba upya wakati zilizobaki ni za mbali.

Kama sloti haiwezekani na hujui lini mtakuwa tayari (fundi bado yuko kwenye injini, kwa mfano), usibuni saa. Inatumwa SMM, ujumbe wa kusema sloti imekosekana, mpango wa safari unasimamishwa kwa ujumbe wa FLS, na saa ikishajulikana DLA inaufufua.

Kosa la kinyume nalo lipo, na ni la watu makini kupita kiasi: CTOT imetoka ya mbali, mtu anaisogeza EOBT ili ilingane nayo. Usifanye. Ukisema hutakuwa tayari mapema, mfumo unakuamini, na nafasi nzuri ikipatikana haukupi.

Hatua ya 4: Omba nafasi bora

Ndege iliyo katika hali ya RFI, yaani tayari kuboreshewa sloti, inasogezwa moja kwa moja nafasi ikipatikana, kwa SRM. Iliyochagua SWM, yaani inayotaka kuulizwa kwanza, inaletewa pendekezo, SIP, nayo inajibu SPA kukubali au SRJ kukataa. SWM inafaa pale ambapo kusogezwa ghafla kutawakuta hamjajiandaa. Milango ikishafungwa, mnara wa kuongozea ndege unaweza kutuma REA, ujumbe wa utayari, kuanzia dakika 30 kabla ya EOBT, kuonesha kuwa ndege iko tayari kuondoka mapema.

Hatua ya 5: Upande wa Unguja

Ikiruka 2015 na safari ikawa masaa manane na nusu, inagusa ardhi 0445, yaani saa 1:45 asubuhi. Panga ngazi, mafuta na wapakuaji kwa CTOT ya mwisho, si kwa ratiba.

Kurudi kwake hakupewi CTOT na Brussels, kwa sababu Unguja iko nje ya eneo lao na majirani zao, ingawa ndege inahesabiwa kwenye msongamano wa huko. DLA bado inatumwa. Hapa foleni ni ya utayari na barabara moja ya kurukia. Ndege ndogo kama Cessna Caravan ikiifuata ndege kubwa kama Boeing 787 inasubiri dakika 2 kwa ajili ya msukosuko wa hewa, au dakika 3 ikiwa inaanzia katikati ya barabara. Kwa hiyo ndege kubwa iliyotoka nje ya ratiba inasukuma safari za Dar es Salaam na Pemba pia.

Mwisho, msimbo wa ucheleweshaji. Kuchelewa Malpensa kwa msongamano wa njiani ni 81. Kuchelewa kuondoka Unguja kwa sababu ndege ilifika imechelewa ni 93. Ukiandika 81 huku, ripoti itarudishwa kwako.