Kushuka Bonde la Venosta kwa Baiskeli: Mwongozo kwa Waafrika Mashariki Waishio Ughaibuni

Bonde la Venosta liko kaskazini kabisa mwa Italia, likipakana na Austria na Uswisi, na wenyeji wake wengi, ambao huzungumza Kijerumani, huliita Vinschgau. Mto Adige huanzia hapo, karibu na kipito cha Resia kilicho takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka hadi mji wa Merano, ambao uko mita 325 tu. Kati ya sehemu hizo mbili pana kama kilomita 80 za njia ya baiskeli, sehemu kubwa ikiwa ya lami na imetengwa na barabara ya magari. Ushauri wangu wote unatokana na hesabu hiyo: panda kwa treni na basi, shuka kwa baiskeli. Wengi wetu tunaoishi Ulaya huiona Milima ya Alpi kuwa mahali pa wanamichezo wenye mapaja ya chuma, na hivyo tunajinyima safari ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimaliza kwa siku mbili bila kuugua.

Tuanze na karatasi, kwa kuwa kwetu sisi ndizo huharibu safari kabla ya tairi kugusa ardhi. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi yoyote ya Schengen anaweza kukaa Italia hadi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180 bila viza nyingine, mradi abebe pasipoti halali pamoja na kibali chenyewe. Anayeishi Uingereza, Oman au Marekani kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au nchi jirani zetu atahitaji viza ya Schengen, ambayo huombwa muda usiozidi miezi sita na usiopungua siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Usiache pasipoti nyumbani kwa kuogopa itapotea njiani. Treni za mipakani hukaguliwa mara kwa mara, na hoteli za Italia zinalazimika kisheria kuandikisha utambulisho wa kila mgeni. Kadi ya bima ya afya ya Ulaya itakusaidia hospitalini, lakini haigharimii uokoaji wa milimani wala kurudishwa nyumbani, kwa hiyo ongeza bima ya safari.

Kufika juu kuna njia mbili. Anayetoka Ujerumani au Austria huenda kwa treni hadi Landeck, upande wa Austria, kisha hupanda basi kupitia Nauders. Anayetoka upande wa Italia hufika Merano, hupanda treni ya bondeni hadi Malles, stesheni ya mwisho, na kutoka hapo hutafuta basi la kwenda Resia. Reli hiyo ya Malles ilifungwa mwaka 1990 ikafunguliwa upya mwaka 2005, na imekuwa uti wa mgongo wa utalii wa baiskeli bondeni. Hata hivyo, usidhani kwamba baiskeli yako itapata nafasi ndani ya treni au basi katika miezi ya Julai na Agosti. Ulizia masharti ya kipindi hicho na uweke nafasi pale inapowezekana. Binafsi huona ni nafuu kukodi baiskeli huko huko, maana ziko ofisi za kukodisha karibu na stesheni ambazo hukuruhusu kuchukua baiskeli mji mmoja na kuirudisha mji mwingine. Tiketi ya karatasi igongwe muhuri kwenye mashine kabla hujapanda. Asiyefanya hivyo huhesabiwa kuwa hana tiketi, na mkaguzi hasikilizi hadithi.

Jifunze pia majina mawili ya kila mji. Eneo hili lilikuwa la Austria hadi mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, na leo vibao vyote huandikwa kwa Kijerumani na Kiitaliano: Malles ni Mals, Glorenza ni Glurns, Silandro ni Schlanders. Anayejua jina moja tu anaweza kupita hoteli yake mara mbili. Nayo simu, ukiwa karibu na mpaka, huenda ikadaka mtandao wa Uswisi, nchi isiyofungwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya kutotoza ada za ziada kwa kutumia simu nje ya nchi yako. Zima intaneti ya ughaibuni (roaming) usije ukalipia picha za mbuzi kwa bei ya mbuzi mwenyewe.

Mwanzoni kabisa utapita kando ya ziwa la Resia, ambamo mnara wa kanisa unachomoza majini peke yake. Ziwa hilo ni la kutengenezwa: mwaka 1950 maji ya bwawa la umeme yalikifunika kijiji cha Curon, wakazi wakahamishwa, ukabaki mnara huo wa karne ya 14. Watu wa kwetu waliowahi kuona kijiji kikihamishwa kupisha bwawa hawatahitaji maelezo marefu.

Baada ya ziwa dogo la pili ndipo ugumu halisi wa safari ulipo, nao ni mteremko. Kutoka San Valentino hadi mji mdogo wa Glorenza, wenye ukuta wake kamili wa zamani, utashuka zaidi ya mita 500 kwa kilomita chache. Mara ya kwanza nilikamata breki ya nyuma bila kuiachia, na mikoba miwili mizito ikiwa kwenye kerio, hadi nilipofika Burgusio nikisikia harufu ya mpira ulioungua na breki haishiki tena. Namna inayofaa ni kubana breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, kuziachia ndani ya kona, na kuzipumzisha sehemu iliyonyooka. Kagua vipande vya breki asubuhi hiyo, si jioni. Mzigo mzito ukae ndani ya mikoba, upande wa chini, nao ugawanywe sawasawa pande zote mbili. Mteremko mwingine mkali uko mwishoni, pale Tel, ambapo njia hujikunja-kunja kabla ya kufika Merano. Watoto washuke humo kwa kukokota.

Katikati ya miteremko hiyo miwili njia hupita kwenye mashamba ya tufaha yasiyokwisha. Bonde hili lina mvua chache kwa sababu milima mirefu hukinga mawingu, kwa hiyo tangu karne nyingi wakulima wamechimba mifereji ya kuteremsha maji kutoka vijito vya juu. Aliyekulia Uchagani atasimama ashangae, kwani ni mifongo ile ile, yenye zamu za maji na wasimamizi wake. Mifereji hiyo ina vijia vizuri kandokando, lakini ni vya waenda kwa miguu. Baiskeli ibaki njia ya chini. Matufaha usichume, hata yaliyoinamia njiani.

Chemchemi za maji ziko karibu kila kijiji. Paliposomeka «Trinkwasser» au «acqua potabile» jaza chupa yako. Penye «kein» au «non» mbele ya maneno hayo, acha. Kuhusu chakula, jikoni nyingi hufungwa kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, na maduka mengi hayafunguliwi Jumapili. Kwa Waislamu na wengine wasiokula nguruwe, tahadhari kubwa ni paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, liitwalo speck, ambalo huingizwa hata katika vyakula visivyodhaniwa, hasa madonge ya mkate yaitwayo knödel au canederli. Sema «ohne Schweinefleisch» kwa Kijerumani au «senza maiale» kwa Kiitaliano, kisha uulize tena kuhusu mchuzi. Yako madonge ya mchicha na ya jibini, ambayo yanashibisha vya kutosha.

Sheria za barabarani zinafuatwa. Nje ya miji baiskeli huenda moja nyuma ya nyingine. Kengele ni lazima, taa pia zinapohitajika, na usiku nje ya mji au ndani ya mahandaki unatakiwa kuvaa fulana inayong'aa. Helmeti si sharti kwa mtu mzima, lakini mwenye akili huivaa. Namba ya dharura ni 112.

Atakayeona kwamba kushuka tu ni kujidekeza, aache mizigo hotelini Prato na kuukabili mlima wa Stelvio, ambako barabara iliyojengwa kati ya mwaka 1820 na 1825 hupanda kwa kona 48 hadi mita 2,757. Ni kama kilomita 25 za kupanda bila nafuu, nayo hufungwa kwa theluji majira ya baridi. Kona zina namba zinazopungua kadiri unavyopanda. Wengine hutiwa moyo nazo, mimi zilinivunja moyo. Beba koti la upepo, kwani baridi ya kileleni humpata aliyeloa jasho anapoanza kushuka.

Kutoka Merano hadi Bolzano ni kilomita 30 hivi za tambarare, na wengi huendelea kusini hadi Trento. Huko mchana huvuma upepo uitwao Ora, utokao upande wa ziwa Garda kwenda kaskazini, yaani usoni pako. Ondoka Bolzano saa moja asubuhi. Ukichelewa na ukaona bendera za mashambani zimenyooka kukuelekea, tafuta stesheni iliyo karibu, kwa kuwa reli haiachani na njia yako hadi Trento.