Karatasi ya chini ya godoro: namna ya kuchagua tuisheni ya hesabu kwa mwana wa sekondari

Karatasi ile niliikuta chini ya godoro nikibadilisha shuka. Mtihani wa hesabu wa muhula wa pili, umekunjwa mara nne, na juu yake kwa wino mwekundu: 19 kwa 100. Binti yangu alikuwa kidato cha pili. Tuisheni nilikuwa nimeshailipia miezi mitano, na kila jioni nikimuuliza "vipi hesabu?" anajibu "sawa, mama."

Mimi nashona kofia za viua hapa Langoni, Lamu. Kofia moja ya maana hunichukua miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo ninapomlipa mwalimu najua nimemlipa matundu mangapi ya sindano. Nimewatafutia tuisheni watoto wawili. Mara mbili nilikosea, mara ya tatu nikapata, na tangu hapo wazazi wenzangu hawaachi kuniuliza nilifanyaje. Nawaambia wote neno moja: msianze na mwalimu, anzeni na karatasi.

Kosa la kwanza lilikuwa kwa kaka yake. Mjini palikuwa na mwalimu anayesifiwa na kila mtu, nikampeleka kwa sifa tu. Siku niliyokwenda kumchukua nilihesabu wanafunzi 34 chumbani. Mwalimu anaandika ubaoni, wao wananakili. Madaftari ya mwanangu yalijaa, ya kupendeza kweli, na kila swali lina jibu sahihi. Lakini jibu lilikuwa la mwalimu. Mwanangu aliingia na D akatoka na D. Simlaumu yule mwalimu kwamba hajui, maana hesabu aliijua sana. Ila kati ya watu 34 hakuna namna angeliona kosa la mmoja.

Kosa la pili ndilo lililonipa karatasi ya godoro. Nilimchukua kijana wa chuo kikuu aliyekuwa likizo ndefu, mpole, mwenye adabu zake, akaja nyumbani mara tatu kwa wiki. Kazi ya shule ya binti yangu ikawa inarudi na alama za vema tupu. Nilifurahi mno. Kumbe wakikaa, binti anasoma swali, kijana anashika kalamu. Kazi ya nyumbani ilikuwa ya kijana, mtihani ukawa wa binti.

Basi, karatasi. Usiku ule sikumgombeza. Nilimwambia alete mitihani yote aliyoificha, ikatoka minne. Tukaiweka mkekani kwa mpangilio wa tarehe. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mzazi naye ana uchi wake: mimi nilikuwa naogopa kuziangalia zile alama kuliko yeye. Kama una mwana wa sekondari, fanya hivi kabla ya kumpigia simu mwalimu yeyote. Taka mitihani iliyosahihishwa, mitatu au minne, isiwe ripoti ya shule peke yake. Ripoti inakupa alama, lakini haikuonyeshi mtoto alipopotelea. Binti yangu mwenyewe aliniambia kwa sauti ndogo, "Siyui nilipopotea." Hilo lilikuwa jibu la kweli la kwanza kulisikia kwake kuhusu hesabu.

Karatasi hizo ndizo nilizowapa walimu watatu niliowaita, kila mmoja siku yake, hapa dakani kwetu, kibarazani mlangoni. Mwanzo sikuwaambia kitu zaidi ya "Mwalimu, naomba uziangalie." Kisha nikaendelea na kofia yangu na kutazama.

Wa kwanza alizifungua haraka, akasema huyu ana msingi mbovu, akataja bei. Wa pili alizisoma, akasema tutamaliza silabasi yote ya kidato cha tatu kabla shule haijaifikia. Wa tatu alikuwa dada wa miaka kama 27, anafundisha shule ya upande wa Mokowe, ng'ambo ya bara. Hakusema kitu kwa dakika kumi nzima. Alikuwa na penseli, akitia alama ndogo pembeni. Halafu akamwita binti yangu akae karibu, akamuonyesha mstari mmoja, akamuuliza, "Hapa ulikuwa ukifikiri nini?"

Swali lilikuwa 3x − (x − 4) = 10. Binti alikuwa ameandika 3x − x − 4 = 10, akapata x = 7. Mwalimu hakumwambia amekosea. Alimwambia, "Irudishe 7 kwenye swali, tuone." Binti akairudisha: 21 toa 3 ni 18, si 10. Akanyamaza. Akatazama mabano. Akasema, "Aaa, ile hasi inaingia kwa wote wawili." Akaandika 3x − x + 4 = 10, akapata x = 3, akairudisha mwenyewe bila kuambiwa: 9 toa hasi 1, 10.

Mwalimu akageuza karatasi zote nne akanionyesha alama zake za penseli. Kosa lile lile, mara kumi na moja. Liko kwenye aljebra, liko kwenye mstari wa grafu, liko kila penye hasi mbele ya mabano. Akaniambia kwamba kidato cha tatu litamfuata kwenye matriki, zile namba zinazopangwa kwa safu ndani ya mabano: 10 toa hasi 12 atalifanya hasi 2 badala ya 22, na ataamini kuwa matriki ndiyo ngumu. Jambo lile ni la kidato cha kwanza. Mwanangu hakuwa mjinga wa hesabu. Alikuwa na ufa mmoja, na kila mwaka akiongezewa ghorofa juu yake.

Huyo ndiye niliyemchagua, na hicho ndicho kipimo ninachokupa wewe. Mpe mwalimu karatasi, kisha angalia anasoma jibu au anasoma hatua. Angalia pia kalamu iko mkononi mwa nani. Mwalimu akishika kalamu zaidi ya mwanafunzi, ile ni kazi yake, si ya mwanao.

Nina swali jingine moja ninaloliuliza, nalo ni la baba yangu. Alikuwa nahodha, akienda Malindi na Mombasa kwa jahazi, na alipenda kusema kuwa bahari ina maili yake. Nawauliza walimu: kwa nini digrii moja ya latitudo ni maili 60 za baharini? Hii ni mada ya kidato cha nne, longitudo na latitudo, na watoto wengi huikariri tu. Wa kwanza alinijibu, "Ndiyo kanuni." Dada wa Mokowe alichukua chungwa, akachora mistari kwa kalamu, akaeleza kuwa digrii hugawanywa dakika 60, na maili ya baharini iliwekwa iwe dakika moja ya mzunguko wa dunia. Kisha akasema Malindi iko karibu digrii moja kusini mwetu, kwa hiyo ukihesabu kaskazini kwa kusini tu ni kama maili 60. Binti yangu alilishika lile chungwa muda mrefu. Si lazima uulize la bahari. Uliza lolote linaloanza na "kwa nini", usikilize kama jibu lina sababu ndani yake.

Lugha pia iangalie. Mtihani ni wa Kiingereza, na mwalimu anayefundisha kwa Kiingereza kitupu humpoteza mtoto aliyekwisha kupotea. Lakini anayefundisha kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho humpeleka kwenye mtihani bila silaha. Wetu alieleza kwa Kiswahili, halafu akamtaka binti aseme tena kwa Kiingereza cha karatasi. Alimfundisha hata kwamba lile neno "hence", yaani "hivyo basi", katika swali lina maana tumia jibu ulilopata sehemu iliyotangulia, usianze upya. Jambo dogo, lakini linaokoa dakika nyingi.

Mzazi naye aujue mtihani wenyewe kidogo, ili asidanganywe. Hesabu ya kawaida ya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, namba ya somo 121, ina karatasi mbili, kila moja saa mbili na nusu na alama 100. Kila karatasi ina sehemu ya kwanza yenye maswali 16 ya lazima, jumla alama 50, na sehemu ya pili yenye maswali 8, mtahiniwa achague 5 ya alama 10 kila moja. Karatasi ya kwanza hutegemea zaidi kazi ya vidato viwili vya mwanzo, ya pili hutegemea vya juu. Kwa hiyo mwalimu anayekwambia "ya fomu wani yamepita" anakutupia karibu nusu ya alama baharini. Na wasahihishaji hutoa alama za hatua, si za jibu peke yake. Mtoto anayeandika jibu tupu likawa limekosewa hapati kitu, aliyeonyesha njia hupata sehemu. Uliza mwalimu anavyofundisha kuandika hatua. Akishangaa kuulizwa, ondoka.

Binti yangu sasa yuko kidato cha tatu, katika kundi la mwisho la 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu, watakaofanya KCSE 2027. Hawana nyuma yao darasa la kurudia pamoja nalo, ndiyo maana nina haraka kidogo. Mwana wa dada yangu yeye yuko Gredi ya 10 ya mfumo mpya, wale walioingia sekondari ya juu Januari 2026. Kwao mambo ni mengine: hesabu ni lazima kwa wote, lakini wa mkondo wa sayansi na teknolojia wana hesabu yao nzito na wa mikondo mingine wana hesabu nyepesi kuliko hiyo. Dada yangu alikuwa karibu amwajiri mwalimu wa kupitia karatasi za zamani za KCSE. Nikamwambia kwanza akaombe shuleni orodha ya mada za mwanawe, ampe mwalimu, amuulize ni zipi alizowahi kufundisha.

Kundi au peke yake? Watu huuliza hili kana kwamba ndilo kubwa. Mtoto aliyepotea sana aanze peke yake, akishasimama kundi la wanne au watano linamfaa, na linapunguza gharama. Mradi wawe karibu kiwango kimoja. Zaidi ya hapo, kwangu mimi, ni darasa lingine tu.

Wakati ndio uliotusumbua. Mwana wa Lamu ana shule, ana chuo cha Kurani, ana kazi za nyumbani. Tuisheni ya baada ya Isha tuliijaribu: macho wazi, akili imelala. Tukahamia baada ya Alasiri siku mbili kwa wiki, Jumatatu na Jumatano, dakika 75, na ustadhi wa chuo nilimwendea mwenyewe nikamuomba abadilishe zamu ya siku hizo. Alikubali bila neno. Ramadhani tunafanya asubuhi ya Jumamosi. Na kwa kuwa mwalimu anavuka kutoka Mokowe, tulipatana mapema: kusi likichafuka asivuke, tutafidia, na sitamkata pesa kwa ajili ya bahari.

Masomo yanafanyika dakani au ukumbini, mlango wazi, na mtu mzima yupo. Hili silijadili na mtu. Mwanamume au mwanamke, jirani au mgeni, mwalimu mwema hataudhika. Muulize pia namba yake ya TSC, tume inayosajili walimu, kama ni mwalimu aliyesajiliwa, na wazazi wawili aliowafundishia, uende ukazungumze nao ana kwa ana. Waulize swali moja: mwanao sasa anaweza kufanya nini ambacho hakuweza?

Shule ikikulazimisha kulipia masomo ya likizo, jua kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mwanafunzi kulazimishwa tuisheni ya likizo. Uamuzi wa nyumbani kwako ni wako. Mimi likizo humwachia wiki ya kwanza nzima apumzike.

Pesa nalipa kila baada ya vipindi vinne, vikiisha, na kila kipindi tunakitia tarehe kwenye daftari. Sikulipa muhula mzima mbele tena, baada ya lile la miezi mitano.

Baada ya wiki nane nilifanya jambo moja. Nilizichukua zile karatasi nne, nikanakili maswali kumi kwenye karatasi safi, nikambadilishia namba kidogo kwa msaada wa kaka yake, nikamkalisha mezani bila mwalimu, saa nzima. Alipata saba. Mabano yote yalikuwa sawa. Matatu yaliyobaki yalikuwa ya sehemu, zile nusu na robo, na hilo lilikuwa ufa mwingine, tukampelekea mwalimu Jumatatu iliyofuata, karatasi mkononi. Angepata manne, ningemshukuru mwalimu na kutafuta mwingine, hata angekuwa dada yangu wa tumbo moja.

Mwezi uliopita binti yangu alirudi na mtihani wa kati ya muhula, 54. Hakuuficha. Aliuweka juu ya kofia niliyokuwa nikishona, upande wenye makosa ukiwa juu, akaniuliza kama ana ruhusa ya kumpigia mwalimu simu kabla ya Magharibi.