Kugawana CPU kwenye seva ya Linux yenye watumiaji wengi

Kabla hujamgusa mtu, hakikisha kinachobana ni CPU. `nproc` inakupa idadi ya viini (cores) vya CPU, `uptime` inakupa mzigo, yaani wastani wa kazi zinazoendeshwa au kusubiri. Mzigo wa 9 kwenye viini 16 si msongamano. Ukiwa 30, fungua `top` utazame safu za NI (kipaumbele cha mchakato) na %CPU. Thamani ya `wa` (muda wa CPU kusubiri diski) ikiwa juu, diski ndiyo inayochelewesha na kubadili vipaumbele hakutasaidia sana. Usitumie %CPU ya `ps` kumnyoshea mtu kidole: ile ni wastani tangu mchakato uanze.

Thamani ya nice, ile ya safu ya NI, huanzia -20, anayetangulia, hadi 19, anayewapisha wenzake. Kawaida ni 0. Wa 0 na wa 19 wakigombea kiini kimoja, wa 19 huambulia kama asilimia 1.5; kiini kikiwa huru, hukitumia chote. Kwa hiyo kazi ndefu ianzishwe hivi tangu mwanzo:

`nice -n 19 ./hesabu`

Iliyokwisha kuanza, kwa namba ya mchakato wake (hapa 4182):

`renice -n 15 -p 4182`

Hapa wengi hukwama. Kwenye Linux amri hiyo hugusa uzi (thread) mmoja tu, sehemu moja ya programu inayoendeshwa sambamba na nyingine. Programu yenye nyuzi 16 itaendelea kula viini 15 kama kawaida. Zipitie zote:

`renice -n 15 -p $(ls /proc/4182/task)`

Mtumiaji wa kawaida anaweza kujishusha, lakini kupanda tena hawezi bila `root` (msimamizi), labda umempa ruhusa. Na kwenye FreeBSD `-n 15` huongeza 15 juu ya thamani iliyopo, haiweki 15.

Ukiona nice haina athari yoyote, soma `/proc/sys/kernel/sched_autogroup_enabled`. Ikiwa 1, mara nyingi kila kikao hupewa mgao wake, na nice hufanya kazi ndani ya kikao hichohicho tu.

Kwa kundi zima, weka kwenye `/etc/security/limits.conf`:

`@wanafunzi - priority 10`

Itaanza wakiingia upya. Hata hivyo nice huhesabu michakato, si watu: anayewasha 40 bado humzidi mwenye mmoja. Penye systemd (msimamizi wa huduma za Linux) ni afadhali kumpimia mtu mwenyewe, kwa namba yake ya `id -u`:

`systemctl set-property user-1004.slice CPUWeight=20`

Wengine hubaki na uzito wa 100, hata huyo akiwasha michakato mia.