Somo: Kumsoma mende kwa roboti ya miguu sita

Habari zenu wanachama. Wengi mmeomba somo la roboti ya miguu sita. Ninalitoa leo, ila roboti hii hatuijengi iwe pambo la mezani. Tunaijenga itusaidie kumwelewa mdudu. Mdudu huwezi kumwamuru atembee kwa mtindo mwingine ili uone atapata hasara gani. Roboti unaiamuru, inatii, na hasara unaipima kwa futi kamba.

Kazi iliyonivuta mimi ni ya Pavan Ramdya na wenzake, Lausanne, Uswisi, iliyotoka mwaka 2017. Mdudu akienda kasi, kwa kawaida hukanyaga kwa miguu mitatu: wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja, na wa kati wa upande wa pili. Hayo ni mafiga kabisa, na wahenga walishasema mafiga mawili hayainjiki chungu. Lakini je, mafiga matatu ndiyo mwendo wenye kasi kuliko yote? Walitumia kompyuta kutafuta jibu kwa kielelezo cha nzi wa matunda. Nzi anayepanda ukuta kwa nyayo zinazonata, mafiga matatu yalishinda. Kwenye sakafu, nyayo zisiponata, mwendo wa miguu miwili miwili ulikwenda kasi zaidi! Wakaujaribu kwenye roboti, ikawa hivyo hivyo. Kisha wakarudi kwa nzi hai, wakafunika ncha za miguu yao zisinate, na nzi wakaanza kutembea kwa mtindo unaokaribia ule wa miwili miwili. Hiyo safari ya kurudi kwa mdudu ndiyo ninayotaka tuifanye.

Hatua ya 1: Mrekodi mende

Tumia mende mkubwa wa kahawia wa majumbani, *Periplaneta americana*. (Jina linataja Amerika, lakini asili yake ni Afrika.) Mweke kwenye beseni lenye karatasi nyeupe chini, na upake Vaseline ukingo wa ndani ili asipande akatoka. Simu iwe juu yake, irekodi fremu 120 au 240 kwa sekunde, na mwanga uwe mwingi.

Ipe miguu majina. Kushoto na kulia zote zinaanza na K, kwa hiyo mimi huandika S kwa kushoto na L kwa kulia: S1, S2, S3, L1, L2, L3, kuanzia mbele. Chora jedwali, kila fremu mstari mmoja, na uweke alama mguu ukiwa chini. Kazi hii inachosha, lakini usiiruke. Bila jedwali hili huna cha kulinganisha na roboti.

Hatua ya 2: Mwili

Kipande cha plaiwudi nyembamba cha sentimita 20 kwa 10 kinatosha. Kila mguu una sevo (mota inayogeuka hadi pembe unayoiamuru) mbili ndogo za gramu 9: moja ya kusogeza mguu mbele na nyuma, moja ya kuuinua. Jumla 12. Nyayo zivalishe mpira wa tyubu ya baiskeli.

Hatua ya 3: Umeme

Hapa ndipo wengi hukwama, na mimi nilikwama. Nilizilisha sevo zote kutoka kwenye Arduino, yaani ubao mdogo wa kompyuta unaobeba programu, na kila miguu mitatu ilipoinuka pamoja, ubao ulizima na kuwaka upya. Nilitafuta kosa kwenye programu jioni mbili, kumbe umeme haukutosha. Sevo ziwe na chanzo chao cha volti 5 hadi 6 chenye uwezo wa ampea kadhaa, ziendeshwe kupitia PCA9685, ubao mdogo wa kuamuru sevo nyingi, wenye njia 16. Waya hasi wa betri na wa Arduino lazima ziungane.

Hatua ya 4: Miendo mitatu

Andika programu moja yenye jedwali la zamu, ili kubadilisha mwendo kuwe ni kubadilisha jedwali tu.

Mafiga: S1, L2, S3 chini, kisha L1, S2, L3.
Mmoja mmoja: unainuka S3, S2, S1, halafu L3, L2, L1.
Miwili miwili: S1 na L3 chini, kisha S2 na L2, kisha S3 na L1.

Kwenye huo wa mwisho roboti itayumba. Usiirekebishe haraka. Kuyumba huko nako ni data: pima tumbo linagusa chini mara ngapi.

Hatua ya 5: Pima

Mita moja, mara kumi kwa kila mwendo, kwenye sakafu. Kisha iweke roboti juu ya kipande cha mbao, uinue upande mmoja wake kidogo kidogo hadi roboti iteleze. Kumbuka mpira unazuia kuteleza tu, haunati. Ukitaka kuiga kunata, bandika sumaku ndogo kwenye nyayo na uipandishe roboti kwenye bati bapa la chuma. Sumaku ikiwa kali sevo haitaweza kuung'oa mguu, basi ipunguze nguvu kwa kuizungushia tepu, tabaka baada ya tabaka, huku ukihesabu. Idadi ya tabaka ndiyo kipimo chako cha kunata.

Hatua ya 6: Rudi kwa mende

Roboti imekupa utabiri. Fungua tena jedwali la hatua ya 1 na umrekodi mende katika hali ile ile uliyoijaribu.

Maswali ya wanachama

*Swali (Mbeya): Shikamoo mwalimu. Sevo 12 ni ghali kwangu. Tatu hazitoshi?*

Marahaba. Roboti ya sevo tatu inatembea vizuri: moja inasogeza miguu ya mbele na nyuma ya kushoto, moja ya kulia, na ya tatu inainamisha mwili kwa miguu ya kati. Lakini hiyo inajua mafiga tu, haiwezi kulinganisha miendo. Anza nayo ujifunze umeme na programu, nyingine utaongeza.

*Swali (Mombasa): Mende nikimkimbiza naona kama anainuka mbele. Macho yangu au kweli?*

Kweli kabisa. Mwaka 1991 Robert Full na mwenzake, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kuwa mende huyu akifika kasi yake ya juu, kama mita 1.5 kwa sekunde, hukimbia kwa miguu miwili ya nyuma. Ni kama urefu wa mwili wake mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo rekodi mende wa polepole na wa mbio kwenye majedwali tofauti.

*Swali (Kisumu): Mende ana gramu moja hivi, roboti ina mamia ya gramu. Majibu yake yana maana gani?*

Swali zito. Ukubwa ukibadilika, nguvu zinazotawala nazo hubadilika. Mwaka 1999 Michael Dickinson na wenzake walikabili jambo hilo kwa upande wa kuruka. Walitengeneza mabawa ya nzi wa matunda yenye urefu wa sentimita 25, wakayazamisha kwenye mafuta mazito na kuyapiga polepole sana. Kwa mdudu mdogo kiasi kile hewa ni nzito, na mafuta yalirudisha uzito huo kwenye umbo kubwa. Hapo wakaweza kupima nguvu kwenye bawa na kuona kwamba kuligeuza mwishoni mwa kila pigo kunaongeza msukumo wa kumwinua nzi.

Sisi hatuna tangi la mafuta, basi tulinganishe uwiano: urefu wa mwili kwa sekunde, na sehemu ya muda ambayo mguu uko chini. Usilinganishe sentimita za mende na sentimita za roboti.

*Swali (Morogoro): Nitamfunika vipi mende nyayo kama walivyofanya kule? Sitaki kumuumiza.*

Usimpake gundi. Badilisha anachokanyaga: msasa, kioo kisafi, na kioo kilichopakwa poda ya watoto, ambapo nyayo hazishiki vizuri. Mpumzishe kati ya kila jaribio, mwekee pamba yenye maji, na umalize siku hiyo hiyo. Kisha leta majedwali yako matatu hapa, nami nitaleta ya kwangu, tuone kama S1, L2, S3 bado wanakanyaga pamoja kwenye poda.